Mshipi hukatikia fundoni: jinsi ya kuunga mshipi na waya bila kupoteza nguvu

Ncha ya mshipi wa kuvulia aliyoniletea mpwa wangu ilikuwa imejikunja kama unywele ulioungua. Alikuwa amerudi Moshi kutoka Pangani juzi yake, na hasira zote alizielekeza kwa mwenye duka. "Mjomba, nimeambiwa ni wa kilo kumi na nne. Yule nguru hakufika hata nane, nimemwona kwa macho yangu ubavuni mwa boti. Nimeuziwa takataka." Nikamuuliza waya uko wapi. Akasema umekwenda na samaki, pamoja na ndoana.

Mshipi haukuwa takataka. Nilivuta kipande kilichobaki kwa mikono miwili, nimevaa glavu, na hakikutoa hata mlio. Kilichomnyima kitoweo ni nusu sentimita ya kazi aliyoifanya mwenyewe, gizani, boti ikiyumba: pale alipoufunga mshipi moja kwa moja kwenye kijicho cha waya, yaani kile kitanzi kidogo cha mwisho wake.

Sisi wa huku mlimani tuna kisingizio kidogo. Wengi tumejifunza kuvua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na perege wa pale hakulazimishi kujua habari ya waya. Hata kambale, pamoja na kinywa chake kipana, ana vijino vidogo vya kukwaruza kama msasa, na nailoni nene inamtosha. Lakini maji hayohayo ya mito ya Kikuletwa na Ruvu yakitoka bwawani yanakuwa Mto Pangani, na ukiyafuata hadi yanapomwagika Bahari ya Hindi unakutana na samaki wa aina nyingine kabisa. Nguru ana meno bapa ya pembe tatu yaliyopangwa kama ya msumeno, na akikua anaweza kuvuka kilo 40. Mzia ana michonge iliyochongoka. Mshipi uliovutwa ukakaza, ukipita kwenye meno ya namna hiyo, hautafunwi. Unaguswa mara moja tu na umekwisha. Ndiyo maana mbele ya ndoana tunaweka waya, na hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu nailoni na chuma hazina tabia moja.

Kwanza tuelewe ile namba iliyoandikwa kwenye kibiringo. Kilo 14 ni nguvu ya mshipi ukiwa umenyooka, mpya, bila fundo. Ukiufunga fundo la kawaida, lile la kwanza analojua kila mtoto, unaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu hiyo. Mafundo mazuri hubakiza zaidi, mabaya hubakiza kidogo. Waya nao una namba yake: waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene wa kiasi cha milimita 0.46, hubeba kama kilo 31. Kwa hiyo mtu ananunua waya wa kilo 31 na mshipi wa kilo 14, anaunga kwa fundo linalobakiza nusu, halafu anaamini ana chombo cha kilo 14. Ana chombo cha kilo saba. Ukinunua waya wa kilo 60 bado utakuwa na saba ileile.

Kwa nini fundo linaiba nguvu? Chukua kamba ya katani uipitishe juu ya mdomo wa chupa, uivute pande zote mbili. Kisha ipitishe juu ya makali ya panga, uivute vilevile. Mkono uleule, kamba ileile. Pale kwenye kona kali, upande wa nje wa kamba unanyooshwa kupita kiasi wakati upande wa ndani unabanwa na hausaidii chochote. Mzigo ambao ulikuwa wa kamba nzima sasa umebebwa na ngozi ya nje peke yake. Kadiri kona inavyokuwa kali kulingana na unene wa kamba, ndivyo hali inavyokuwa mbaya zaidi.

Sasa uangalie waya wetu. Mshipi wa nailoni wa kilo 14 una unene wa kama milimita 0.55. Waya una 0.46. Yaani unaukunja mshipi juu ya kitu chembamba kuliko wenyewe, tena kigumu kisicholegea hata kidogo. Ukifunga mshipi kwenye tundu la ndoana nene, au kwenye pete ya shaba, chuma kinaupa nafasi ya kujikunja kwa upole. Waya mwembamba hautoi nafasi hiyo. Ni makali ya panga, ila madogo kiasi kwamba huyaoni. Hicho ndicho kiini cha jambo lote hili, na kila njia nitakayoieleza ni namna tu ya kuuondoa mshipi kwenye makali hayo.

Kuna jambo la pili, kuteleza. Umewahi kuona mtu mmoja akimzuia dume la ng'ombe kwa kuizungusha kamba mara mbili tatu kwenye shina la mti? Ng'ombe anavuta kwa nguvu zote, mtu ameshika ncha kwa vidole. Mwanahisabati Leonhard Euler wa Uswisi aliifanyia hesabu hali hiyo katika karne ya 18: kila mzunguko unaigawa nguvu, kisha mzunguko unaofuata unakigawa kilichobaki. Msuguano ukiwa wa 0.2, mzunguko mmoja hupunguza mvuto hadi chini ya theluthi. Mizunguko mitatu huufikisha chini ya moja ya arobaini, mitano chini ya moja ya mia tano. Msuguano ukiwa nusu ya huo, 0.1, unahitaji mizunguko kumi kupata kilekile ulichokipata kwa mitano. Waya unateleza, na mishipi ya kusuka ya siku hizi inateleza zaidi. Mpwa wangu alikuwa amezungusha mara tatu.

Fundo likiteleza huzaa joto, na nailoni ikipashwa joto pale inapobanwa hulainika na kujikunja. Ile ncha iliyosokoteka kama unywele ulioungua ni ushahidi wa fundo lililokimbia kabla ya kukatika. Nimezoea kuzisoma ncha kabla ya kumlaumu mtu. Ncha iliyokatika safi, kama kwa wembe, mara nyingi ni meno, au ni ncha ya waya iliyoachwa na kinundu chenye makali. Ikiwa imechakaa na kufanya manyoya sentimita kadhaa kutoka mwisho, huo ni mwamba au ubao wa boti. Iliyojikunja ni fundo. Iokote ncha yako kila inapokatika, uitazame kwenye mwanga kabla ya kuitupa.

Kwa anayevua kwa mkono, bila fimbo, ushauri wangu ni mmoja na sisiti: weka kizungushio katikati. Nasema kile kidude kidogo cha chuma chenye matundu mawili, kila upande ukizunguka kivyake. Kinauzwa bei ndogo kuliko ndoana nzuri. Kinafanya kazi mbili. Kinazuia mshipi kusokotana samaki anapojizungusha, na kinaupa mshipi pete nene ya kushika, huku waya ukishika pete yake upande wa pili. Chuma kinakutana na chuma, na nailoni inakutana na mviringo unaoweza kuuvumilia.

Funga mshipi kwanza, kabla ya waya, utaona sababu. Kunja mshipi uwe wa nyuzi mbili kiasi cha shubiri moja. Pitisha ile kona kwenye tundu la kizungushio. Funga fundo la kawaida kwa nyuzi mbili hizo pamoja, bila kukaza, kizungushio kikiwa kinaning'inia katikati. Sasa chukua kitanzi kilichobaki mwishoni, kizungushio chote kipite ndani yake, na kitanzi kipande juu ya fundo. Kama waya na ndoana vingekuwa vimeshafungwa, ungelazimika kuvipitisha vyote kwenye kitanzi hicho, na ndoana ingekuchoma. Tia mate. Sio ushirikina: unyevu unapunguza joto la msuguano wakati wa kukaza. Vuta taratibu, ncha zote mbili pamoja, mpaka nyuzi zilale bila kupandana hovyo. Fundo hili lina nyuzi mbili ndani ya tundu badala ya moja, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Upande wa waya ndio unaohitaji mazoezi, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu nimeona watu wazima wakiusokota waya mmoja juu ya mwingine ulionyooka kisha wakashangaa umechomoka. Pitisha waya kwenye tundu la pili, urudishe kama nusu shubiri. Nyaya mbili zipishane kwa umbo la X pana. Bana kitanzi kwa plaizi. Sasa sokota nyaya zote mbili kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiuzunguka mwenzake sawasawa, kama mama anavyosokota ukili au kamba ya katani. Mizunguko mitatu na nusu au minne inatosha. Ukitazama kwa karibu unapaswa kuona misokoto miwili inayofanana kabisa. Ukiona waya mmoja umenyooka na mwingine umejiviringisha juu yake kama mzabibu juu ya mti, fungua, tupa kipande hicho, anza upya. Huo utateleza.

Baada ya hapo, ule mfupi uukunje usimame wima, halafu uuzungushe juu ya mrefu, mizunguko mitano iliyokaribiana kama springi iliyobanwa. Kazi ya mizunguko hii ni kuizuia misokoto ya kwanza isifunguke. Kisha usikate kwa plaizi. Plaizi huacha kinundu kidogo kikali kitakachokupasua kidole, au kitakachousaga mshipi wa jirani yako botini. Kunja ncha iliyobaki iwe kama mkono wa kusagia, uitikise mbele na nyuma. Itakatika yenyewe, laini, imelingana na springi. Pitisha kidole uhakikishe.

Urefu wa waya? Kwa nguru, dhiraa moja inatosha. Watu hufikiri mrefu ndio salama, lakini samaki wa aina hii ana macho makali, na waya unaong'aa unamfukuza. Kwa papa ni hadithi nyingine, ngozi yake yenyewe inasaga mshipi, na hapo unahitaji urefu kupita mwili wake. Kizungushio nacho kiwe kidogo na cheusi. Kikiwa kikubwa na cha kung'aa, nguru mwingine atakirukia akidhani ni kidagaa, naye atakukata juu ya waya.

Kuna watu wa Moshi wanaopenda kujitafutia waya mbadala, nami nawaelewa, maana maduka ya vifaa vya uvuvi yako mbali nasi. Waya wa kufungia nondo usiuguse kwa kazi hii. Umelainishwa kwa moto makusudi ili ukunjike kwa urahisi, na samaki ataunyoosha na kuukata. Waya wa breki ya baiskeli una nyuzi nyingi nyembamba, na meno huzikata mmoja mmoja mpaka siku isiyo na jina. Waya wa gitaa ule usiovingirishwa ni chuma kizuri sana, wenye nguvu kuliko unavyofikiri, ila chumvi huushika kutu upesi mno. Uutumie siku moja, uutupe.

Sasa kwa mwenye fimbo na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, anayerusha chambo mbali. Kizungushio hakipiti kwenye vipete vya fimbo, na huenda akataka kuunga mshipi na waya moja kwa moja. Inawezekana, lakini lazima kwanza aifahamu siri ya nyuzi mbili, ambayo kwangu ndiyo ya thamani kuliko mafundo yote.

Chukua fundo linalobakiza asilimia 60. Kwenye mshipi wa kilo 14, linakatika kwenye kilo 8.4. Sasa fanya mwisho wa mshipi uwe wa nyuzi mbili, ufunge fundo lilelile kwa nyuzi zote mbili. Samaki akivuta kilo 14, kila uzi unabeba saba. Saba ni ndogo kuliko 8.4, kwa hiyo fundo halikatiki. Kitakachokatika ni mshipi wenyewe huko juu, mahali ulipo mmoja. Hujaboresha fundo hata chembe. Umeligawia tu mzigo. Sharti ni kwamba nyuzi mbili zilingane urefu, maana mmoja ukilegea mwingine unabeba kilo zote, na pia kwamba kitanzi kinachozaa nyuzi mbili chenyewe kisiibe nguvu.

Kitanzi kinachotimiza sharti hilo vizuri zaidi kinaitwa Bimini, kwa jina la visiwa vya Bahamas. Kunja mshipi uwe kitanzi cha dhiraa mbili, ukisokote mara 20. Tia kitanzi magotini, panua magoti mpaka msokoto ubane sana, kisha mkono unaoshika ncha fupi uulegeze polepole: ncha itaanza kujiviringisha yenyewe juu ya msokoto, ikishuka kuelekea magotini, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Malizia kwa vifundo vidogo vya kuifunga. Mara ya kwanza utatamani kulia. Ya kumi utafanya ukizungumza. Kitanzi hiki hubakiza karibu nguvu yote ya mshipi kwa sababu hakuna kona kali hata moja ndani yake. Mzigo unaingia kwenye msokoto kidogo kidogo, kama ile kamba ya ng'ombe kwenye shina.

Ukishapata nyuzi mbili, tengeneza kwenye waya kijicho chembamba kirefu, kama tundu la sindano ya kushonea magunia, ukikifunga kwa ule msokoto niliouelezea. Ingiza nyuzi mbili ndani ya kijicho, zirudi nyuma zikiuzunguka waya na zenyewe pamoja, mara 10 hadi 12, mizunguko ikilala ubavu kwa ubavu, kisha ncha itokee kwenye kijicho upande uleule ilioingilia. Mate, vuta taratibu. Fundo hili linabeba jina la Jimmie Albright, aliyekuwa akiwaongoza wavuvi kule Florida, Marekani. Mizunguko ndiyo inayobeba mzigo, na inapofika kwenye makali ya kijicho, mvuto umebaki mdogo sana.

Mshipi wa kusuka unahitaji uangalifu wa ziada. Una nguvu ya ajabu kwa wembamba wake, lakini umetengenezwa kwa polithini inayoyeyuka kwenye kiasi cha nyuzi joto 150, wakati nailoni inavumilia kupita 200. Tena ni mwembamba mno, kwa hiyo waya unaukata kirahisi, na hauna mvutiko wa kupokea mshtuko. Mimi siuungi na waya kamwe. Naweka kipande cha nailoni nene katikati, dhiraa tatu au nne, naunga mshipi wa kusuka na nailoni kwa mizunguko mingi, kisha nailoni ndiyo inayokutana na waya. Viungo vinakuwa viwili, ndiyo, lakini kila kimoja kinaunga vitu vinavyoelewana.

Vile vibomba vidogo vya kubana kwa plaizi maalumu ni vya waya wa nyuzi nyingi. Kwenye waya mmoja ulionyooka hubana kitu laini kama mwiba wa nungunungu, na huchomoka.

Mpwa wangu hakuyaamini haya kwa maneno, nikamwambia alete ndoo. Nyuma ya nyumba kuna mparachichi wenye tawi nene. Tulifunga waya juu, mshipi chini, na ndoo ya lita 20 ikining'inia shubiri moja kutoka ardhini. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani, unahitaji jagi la lita moja na mtu wa kuhesabu. Simama pembeni, usiweke uso karibu, waya ukirudi unarudi kwa kasi. Kiungo chake cha Pangani, alichokirudia vilevile mbele yangu, kilikatika kabla hajamimina jagi la nane. Chenye kizungushio kilifika la kumi na mbili. Chenye nyuzi mbili kilipokatika, mshipi ulikatikia chini, karibu na ndoo, mbali kabisa na waya. Alikigeuza kile kiungo kizima mkononi kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nina kizungushio kingine.

Nilimpa viwili, na maagizo ya baharini. Baada ya kila samaki, pitisha vidole kwenye waya. Ukikuta umekunjika kona, hata ndogo, usiunyooshe, ubadilishe, kwa kuwa chuma kilichokunjwa na kunyooshwa hukatikia hapohapo. Kata mshipi shubiri moja juu ya kiungo ufunge upya ukihisi mikwaruzo. Na samaki akiwa karibu na boti, shika waya kwa glavu na uache upite kiganjani, usiuviringishe mkononi hata mara moja. Nguru akipiga mkia kwa mara ya mwisho, waya uliozungushwa kwenye vidole hauachii.